Ofa mbili za uzamivu wa fedha: niende wapi?

SWALI: Nimepata nafasi mbili za shahada ya uzamivu ya fedha Marekani. Chuo kimoja kina jina kubwa. Kingine hakivumi, ila posho yake ni nono zaidi. Natakiwa kujibu kabla ya 15 Aprili. Nishauri.

JIBU: Posho iweke kando kwanza. Dola elfu chache za ziada huenda zikaishia kwenye kodi ya nyumba. Bei ya chumba Boston si bei ya chumba Rochester.

Tazama wahitimu wanaishia wapi. Idara nyingi huweka orodha ya ajira za wahitimu wao kwenye tovuti. Isome, kisha uliza lisiloandikwa humo: walioanza walikuwa wangapi? Mtihani mkuu wa mwaka wa kwanza au wa pili huwaondoa wengine, na hao huwaoni kwenye orodha.

Halafu msimamizi. Profesa mashuhuri asiye na muda wa kusoma rasimu yako ni picha ya ukutani tu. Waandikie wanafunzi wa mwaka wa nne. Wa mwaka wa kwanza bado wako fungate. Waulize nani huandika makala na wanafunzi, na nani anakaribia kustaafu au kuhama. Uliza pia kama chuo kinalipia hifadhidata za CRSP na Compustat.

Yote yakilingana, mimi ningefuata jina kubwa. Soko la ajira za fedha lina upendeleo, tupende tusipende. Ukishaamua, kijulishe chuo cha pili siku hiyohiyo: huenda kuna mtu anaingoja nafasi yako.