Trela la Kale na Pikapu ya Kulikokota

Kijitabu cha elimu kwa wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani

Mwaka 1959 msafara wa matrela 41 ya kusafiria, yaliyofunikwa bati la alumini lililong'arishwa mfano wa kioo, uliondoka Cape Town kuelekea Cairo, ukiongozwa na Wally Byam, Mmarekani mwasisi wa kiwanda cha Airstream, nao ukalikata bara letu toka kusini hata kaskazini, ukapita Kenya, ukapanda nyanda za juu za Uhabeshi hata Addis Ababa, na mwaka uliofuata ukafika Misri. Wenziwe walirudi kwao na hadithi. Byam alirudi na neno. Kiwanda chake kilipotoa trela dogo la futi 16 mwaka 1961, alilipa jina Bambi, alilolitoa katika Kiumbundu cha Angola, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili chetu, na maana yake ni mnyama mdogo wa jamii ya paa. Basi Mswahili alionaye trela hilo leo, limeegeshwa chini ya mti katika ua wa jirani yake huko Ohio au Texas na kubandikwa karatasi ya kuuzwa, hana sababu ya kulihesabu kuwa kitu cha wageni watupu.

Mapenzi ya matrela ya kale yameenea Marekani, na watu wetu wameingia humo pia: huyu ataka Shasta yenye mabawa mawili ya bati kisogoni, yule ataka Spartan, iliyotengenezwa Tulsa na kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege kabla ya kugeukia nyumba za magurudumu. Muradi wa kijitabu hiki si kumzuia mtu asinunue. Muradi wake ni kumpa hesabu ya kufanya kabla fedha hazijatoka mkononi, kwa kuwa muuzaji aghalabu atamwambia kwamba pikapu yake italivuta trela hilo bila taabu, na aghalabu atakuwa anasema kweli, ilhali kuvuta siko kunakoleta taksiri.

Kuvuta na kubeba

Kila kiwanda huitangaza pikapu yake kwa hesabu moja kubwa, nayo ni uzito ambao gari laweza kuukokota. Zamani kila kiwanda kilijipimia kwa kipimo kilichokipendeza chenyewe. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kaida iitwayo J2807, ambayo viwanda viliifuata kimoja baada ya kingine, na kwa kaida hiyo gari hukokoteshwa mzigo wake wote katika mpando wa Davis Dam, jimbo la Arizona, mwendo wa maili 11 na kitu, katika joto la nyuzi 100 za Fahrenheit, kiyoyozi kikinguruma kwa nguvu zake zote, na pikapu ya magurudumu mawili nyuma hairuhusiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Mtihani huo ni mgumu, na gari lililoufaulu lina injini ya kutegemewa. Walakini ndani ya gari hilo hukadiriwa dereva na mwenziwe mmoja tu, kila mmoja ratili 150. Hamna mama mkwe. Hamna watoto watatu, wala sanduku la vinywaji, wala baiskeli, wala gunia la makaa ya kuchomea nyama.

Hesabu inayomhusu mwenye familia haikuandikwa katika tangazo. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo yake, utaona kibandiko kidogo chenye rangi ya njano kwa sehemu, kinachoeleza matairi ya gari na upepo wake, na juu ya hayo kina sentensi isemayo kwamba jumla ya uzito wa abiria na mizigo isizidi kilo kadha wa kadha au ratili kadha wa kadha. Huo ndio uwezo wa gari wa kubeba. Ni hesabu ya gari lile lile ulilosimama ubavuni mwake, si ya ndugu zake wote waliotoka kiwandani mwaka ule, na pikapu mbili za jina moja zaweza kutofautiana kwa mamia ya ratili kwa sababu moja ina viti vya ngozi na paa la kioo na nyingine haina.

Sasa trela haliburutwi tu nyuma kama tishari. Sehemu ya uzito wake huliegemea gari kwa mbele, penye ulimi, pale tufe la kiungo linapoingia katika kikombe chake. Uzito huo wa ulimi hutakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela zima, nao huhesabiwa katika kile kibandiko cha mlangoni kana kwamba ni abiria aliyepanda. Tuchukue mfano. Pikapu imetangazwa kuwa yavuta ratili 7,000, na kibandiko chake chasema ibebe ratili 1,150. Baba ana ratili 190, mama 160, na watoto watatu kwa pamoja 270. Hao ni 620. Mizigo ya nyuma ni ratili 200, na vyuma vya kiungo ni 80. Jumla imekuwa 900, na kilichobaki kwa ajili ya ulimi ni ratili 250. Ikiwa ulimi huchukua sehemu moja ya nane ya trela, basi trela ambalo familia hii yaweza kwenda nalo kwa salama halizidi ratili 2,000, yaani kilo 900 hivi. Ratili 5,000 za lile tangazo zimetoweka kabla gari halijawashwa moto, wala hakuna aliyedanganya.

Uzani usioandikwa

Upande wa pikapu ni mwepesi, maana kibandiko kipo. Upande wa trela la kale ndio wenye giza. Mengi yaliyotengenezwa katika miaka ya 1950 na 1960 hayana kibao cha uzito, au kibao kimeng'olewa pamoja na bati lililooza, na anayeuza hutaja hesabu aliyoisoma katika karatasi za matangazo za zama hizo. Hesabu hiyo ilikuwa ya trela tupu, siku lilipotoka kiwandani, bila maji, bila gesi, bila betri, bila godoro wala sufuria. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapana mahali methali hiyo ipatapo ushahidi mwema kuliko katika kinywa cha muuzaji wa trela.

Fauka ya hayo, trela la miaka 60 si lile lililozaliwa. Limepita mikononi mwa watu wanne au watano, na kila mmoja ameacha alama yake: huyu aliondoa sakafu iliyooza akaweka plaiwudi nene zaidi na vigae juu yake, yule aliona meza ya zamani haifai, akaleta ya mawe, wa tatu alipachika kiyoyozi juu ya paa ambalo halikuundwa kubeba kitu ila mvua, wa nne aliongeza betri mbili, mitungi miwili ya gesi, na tangi la maji chini ya kitanda cha nyuma. Galoni moja ya maji ina uzito wa ratili 8 na theluthi, kwa hiyo tangi la galoni 20 lililojaa ni ratili 167, sawa na kumpakia mtu mzima aliyelala. Sisi huwaambia watu wetu kwamba trela la kale lililokarabatiwa kwa mapenzi makubwa ndilo la kutiliwa shaka kuliko lililoachwa uani, kwa kuwa mapenzi hayo yote yana uzito na hakuna aliyeuandika.

Mahali uzito ulipokaa ni jambo jingine, na hapa mtu wa pwani hahitaji mwalimu. Nahodha ajua kwamba jahazi lililopakiwa vibaya, shehena yote ikirundikwa upande wa tezi, halishiki njia yake, na mshika usukani hana raha mchana wala usiku. Trela ni vivyo hivyo. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, ulimi huwa mwepesi, na ulimi ukiwa mwepesi, upepo wa lori moja linalopita watosha kulianzisha trela kuyumba kushoto na kulia, kila yumbo likizidi lililotangulia, mpaka mkia umshinde mwenye kichwa. Likikutokea hilo, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani usiupinde, usikanyage breki ya gari kwa ghafla, bali tumia kwa mkono breki za trela peke yake hadi lirudi katika mstari. Kisha simama mahali pa salama, upange mizigo upya.

Mizani

Dawa ya giza lote hilo ni mizani, nayo haiko mbali. Katika vituo vikubwa vya malori kandokando ya barabara kuu pana mizani yenye majukwaa mbalimbali, ambayo hupima ekseli ya mbele ya gari, ekseli yake ya nyuma na ekseli ya trela kila moja peke yake, kwa ada ndogo. Ipime kwanza pikapu ikiwa na watu wote na mizigo yote bila trela; halafu ifungie trela na upime tena, vyuma vya kugawa uzito vikiwa vimelegezwa. Tuseme pikapu peke yake ilikuwa ratili 5,600. Mara ya pili ekseli zake mbili zimetoa jumla ya 5,900, na ekseli ya trela imetoa 2,500. Zile 300 zilizoongezeka kwenye pikapu ndizo uzito wa ulimi. Trela zima ni 2,800. Na ulimi umechukua asilimia 10 na kitu, hesabu iliyo ndani ya mpaka lakini ukingoni. Tazama pia ekseli ya mbele: ikiwa imepungua sana, magurudumu yashikayo usukani hayaikanyagi barabara kama ipasavyo.

Muuzaji mwenye trela zima hakatai kulipeleka mizanini. Akikataa, umepata jibu bila gharama.

Neno juu ya springi na mifuko ya hewa zinazouzwa kwa ajili ya kuinua nyuma ya pikapu iliyoinama. Huinua, hilo ni kweli, na macho huridhika. Lakini hazibadili ekseli, wala breki, wala fremu, wala herufi moja ya kile kibandiko cha mlangoni.

Yaliyo chini ya sakafu

Jilaze chini utazame kabla hujatazama mapazia. Airstream tangu mwanzo wa miaka ya 1960 zina ekseli ambazo ndani yake hamna springi za mabamba bali fimbo za mpira, na mpira huo hukakamaa kwa umri hata trela likawa linadunda barabarani kama gari lisilo na springi kabisa. Ekseli hizo hazitengenezwi, hubadilishwa. Tairi nalo huzeeka likiwa limesimama. Ubavuni mwake, mwisho wa herufi za DOT, pana tarakimu nne: 2319, mathalan, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nakshi nzima na tarehe ya zamani lisikughuri.

Sheria za breki hazifanani. Majimbo mengi hutaka trela liwe na breki zake lenyewe likizidi ratili 3,000, na California hulitaka hilo tangu ratili 1,500, ambapo karibu kila trela la kusafiria limeingia, na huko huko mwendo wa gari lenye trela hauruhusiwi kuzidi maili 55 kwa saa. Sisi hatungengoja sheria. Breki za umeme za trela huhitaji kidhibiti chake ndani ya pikapu, pamoja na swichi inayozifunga zenyewe endapo kiungo kitaachana na gari. Na minyororo miwili ya usalama hupitishwa kwa kukingamana chini ya ulimi, ili ulimi ukianguka uipate minyororo usiipate lami. Wapendao kuoanisha trela la 1955 na pikapu ya 1955, picha yao hupendeza sana, nasi hatuwaonei kijicho. Wakumbuke tu kwamba pikapu hiyo ina breki za ngoma pande zote nne na haina kibandiko chochote mlangoni, hivyo kwao mizani ndiyo hati ya pekee.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujampigia simu mwenye trela, shuka nje ufungue mlango wa dereva, ukipige picha kibandiko kilicho kwenye nguzo, kisha uwaite watu wa nyumbani mmoja mmoja wapande mizani ya chooni.