Mira: nyota inayopotea lakini haijafa

Leo tutoke nje usiku, tuangalie nyota moja iliyowachanganya watu kweli kweli.

Agosti 1596, David Fabricius, mchungaji wa Kilutheri huko Friesland Mashariki, Ujerumani, alikuwa anapima mahali pa sayari angani. Alihitaji nyota ya kulinganishia, akachagua moja katika kundi la Ketusi, yule mnyama mkubwa wa baharini. Wiki zikapita, nyota ikafifia, mwisho haikuonekana kabisa. Akadhani imekwisha. Zama zile wengi walifundishwa kwamba nyota hazibadiliki, kwa hiyo jambo hili halikuwa dogo. Na jamani, mwaka 1609 akaiona tena, palepale!

Mwaka 1638 Mholanzi Johannes Holwarda aligundua kwamba nyota hiyo inarudi kila baada ya miezi kama 11. Leo tunahesabu siku 332 hivi. Baadaye Hevelius wa Gdańsk akaiita Mira, neno la Kilatini lenye maana ya "ya ajabu".

Sasa, huwa inakwenda wapi? Haiendi popote. Mira ni jitu jekundu, nyota iliyozeeka. Masi yake haipishani sana na ya Jua, ila imevimba mno: ingekaa mahali pa Jua, ingemeza Zebaki, Zuhura na hata Dunia yetu. Tabaka zake za nje hutanuka na kunywea kama kifua cha mtu anayepumua. Inapopoa, molekuli kama za oksidi ya titani huongezeka katika angahewa yake na kuziba mwanga tunaouona. Lakini joto linaendelea kumiminika kwa miale ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Kwa macho, nyota imefifia mara mamia. Ukipima nishati yote, haijapungua kiasi hicho hata kidogo.

Unaona, eeh? Fabricius hakuwa mjinga. Alikosa vitu viwili: kipimo kingine, na muda wa kusubiri. Sisi nasi mara nyingi tunamhukumu mtu "amekwisha" kwa sababu tu hatumwoni aking'aa.

Tena Mira haipumui bure. Inaendelea kumwaga gesi na vumbi angani. Mwaka 2007 wataalamu waliotumia darubini ya angani GALEX walitangaza kwamba ina mkia wa urefu wa miaka-nuru 13, uliomwagwa kwa miaka 30,000 hivi. Mata ya nyota za kizee kama hii huchanganyika na mawingu ambamo nyota na sayari mpya huzaliwa. Jua letu nalo litapita njia hiyo, baada ya miaka bilioni 5 hivi.

Zoezi la nyumbani: kati ya Novemba na Januari, jioni giza likishaingia, tafuta Ketusi. Kwetu Afrika Mashariki Mira hupita karibu na utosini. Andika kwenye daftari: inazidi nyota zipi za jirani, inazidiwa na zipi? Rudia kila wiki. Usipoiona, usiifute kwenye daftari. Andika tu "haionekani", weka tarehe, kisha mwezi ujao uende tena.