ASKARI WA DAMU NA KICHOCHO CHA ZIWANI

Wavuvi wa Sori, katika Ghuba ya Karungu, huingia majini kuvuta nyavu za omena, na papo hapo ufukweni watu huteka maji na kufua nguo. Katika maji ya namna hiyo huishi konokono wadogo watoao vijidudu vya kichocho cha tumbo. Kijidudu kimoja hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, na mkia wake hukatika.

Hukaa ngozini siku kadhaa kabla ya kusafiri kwa njia ya damu hata mapafuni, kisha katika ini. Siku hizo za kwanza ndizo za hatari kwake. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu, ambazo ni mfano wa askari, zimo ziitwazo eosinofili. Adui huyu ni mkubwa mno, hamezeki. Basi chembe nyingi humzunguka na kummwagia sumu. Lakini sharti kwanza atiwe alama na kingamwili, yaani vitu ambavyo mwili hutengeneza kwa ajili ya kila adui uliyekwisha kumfahamu. Mwaka 1975 mtaalamu Butterworth na wenzake walionyesha jambo hilo katika maabara.

Mtoto bado hana kingamwili za kutosha. Nacho kijidudu hujivika vitu vya damu ya mtu mwenyewe, kama mwizi aliyevaa sare ya polisi, askari wakampita. Kikishakuwa mnyoo kamili, dume na jike huishi pamoja mishipani kwa miaka, na mayai yao ndiyo yaumizayo ini na matumbo.

Huko Kisumu, kando ya ziwa lilo hilo, wataalamu wa taasisi ya KEMRI waliwachunguza waosha magari wasimamao majini, wakiwatibu kwa prazikwanteli kila walipoambukizwa. Habari zao zilichapishwa mwaka 2002. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walikaa muda mrefu zaidi bila kuambukizwa, ingawa kazi yao haikubadilika. Yaelekea minyoo ifapo kwa dawa hufichua yale iliyoyaficha, na mwili hujifunza. Wengine hawakuipata kinga hiyo.

Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, wala si vijidudu vichanga. Ndiyo sababu mvuvi aliyetibiwa aweza kuonekana tena na mayai baada ya majuma machache, hata kama hakurudi ziwani: vichanga vilikuwamo mwilini siku ile alipomeza vidonge.