Akiba Haiozi: Funzo la Gesi Kutoka Ujerumani

Usalama wa kawi ni nchi kuwa na uhakika wa kupata umeme, mafuta na gesi kwa bei ambayo wananchi wanaimudu, hata njia moja ya kuvipata ikifungwa. Yaliyoikuta Ujerumani mwaka 2022 yanalieleza jambo hili vyema.

Takriban nusu ya nyumba nchini humo hupashwa joto kwa gesi asilia. Kwa kuwa matumizi hupanda sana majira ya baridi, gesi hununuliwa mapema na kuhifadhiwa chini ya ardhi, yakiwemo mapango yaliyochimbwa katika miamba ya chumvi.

Kabla ya vita vya Ukraine, zaidi ya nusu ya gesi iliyoagizwa na Ujerumani ilitoka Urusi. Kufikia Septemba 2022, gesi iliyopitia bomba la Nord Stream 1 ilikuwa imekatika, na baridi ilikuwa inabisha hodi.

Hatua tatu zilichukuliwa:

1. Kujaza akiba. Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi wanachama zijaze maghala yao hadi asilimia 80 kufikia Novemba 1.

2. Kutafuta wauzaji wengine. Gesi zaidi ilinunuliwa Norway, na Desemba kituo cha kupokea gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika kilifunguliwa Wilhelmshaven.

3. Kupunguza matumizi. Joto katika ofisi za umma liliwekewa kikomo cha nyuzi 19.

Majira hayo yalipita bila nyumba kukatiwa gesi. Hata hivyo, bei ilikuwa imepanda mno, na serikali ililazimika kutumia mabilioni ya yuro kuwapunguzia wananchi makali.

Gesi ya kupikia tunayotumia Kenya ni ya aina nyingine, lakini nayo huagizwa kutoka nje, hasa kupitia Mombasa. Ndiyo maana misukosuko ya mbali huonekana katika bei ya mtungi wa kilo 6 au 13.

Mkazi anaweza kujipanga vivyo hivyo: kuweka fedha za kujaza mtungi kabla haujaisha, kufunika sufuria, kuloweka maharagwe usiku, na kuwa na jiko la pili. Likiwa la makaa, lisitumiwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata Julai baridi ikizidi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.