Ombi la Hifadhi Likikataliwa, Jaji Huuliza Nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mtamil mmoja kutoka Sri Lanka alikamatwa Hong Kong akiwa na pasipoti ya Kanada ya kughushi. Alifungwa, kisha akapewa amri ya kufukuzwa nchini. Alieleza kwamba kwao aliteswa mikononi mwa askari, lakini serikali haikuyachunguza madai hayo yenyewe. Ilitegemea jibu la UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lililosema tu kwamba si mkimbizi. Baadaye UNHCR hiyo hiyo ilibadili uamuzi wake, ikamtambua, naye akapokelewa Kanada. Lau angepandishwa ndege mapema, utambuzi huo ungemkuta amekwisha rudishwa mikononi mwa wale aliowakimbia.

Kesi yake ilifika Mahakama ya Rufaa ya Mwisho ya Hong Kong, na Juni 2004 majaji walitamka kwamba serikali haiwezi kumwachia mwingine kazi hiyo. Ni lazima ichunguze yenyewe, impe mhusika nafasi ya kujieleza, na ikimkataa itoe sababu. Uhai wa mtu ukiwa mizanini, haki katika utaratibu hudaiwa kwa kiwango cha juu kabisa.

Lakini kazi hiyo ya kuchunguza ni ya serikali, si ya jaji, na hapo ndipo waombaji wengi hukosea njia. Huingia mahakamani wakitaka kumsimulia jaji upya yaliyowapata, wakidhani yeye ndiye atakayewapa hifadhi. Sivyo. Kuamua kama simulizi ni ya kweli ni kazi ya afisa wa uhamiaji na, baada yake, bodi ya rufaa. Katika mapitio ya mahakama, jaji hutazama namna uamuzi ulivyofikiwa: je, sheria ilifuatwa? Mwombaji alisikilizwa? Ushahidi muhimu ulirukwa? Uamuzi wenyewe unaingia akilini? Akiona kasoro nzito, kwa kawaida huufuta uamuzi na kurudisha shauri likasikilizwe upya.

Kasoro hizo zaweza kuonekana ndogo kwa asiyezijua. Mwaka 2008 mahakama ya Hong Kong ilikosoa utaratibu ambao afisa aliyemhoji mwombaji hakuwa yule aliyetoa uamuzi, huku mwombaji asiye na uwezo akinyimwa wakili wa kulipiwa na serikali. Mwamuzi atapimaje ukweli wa mtu ambaye hakuwahi kumwona akizungumza? Hukumu nyingine za 2012 na 2013 zilipanua kinga ya kutorudishwa kwenye hatari, na Machi 2014 ukaanza mfumo mmoja wa kuchunguza madai ya mateso na ya kuandamwa kwa sababu za kisiasa, kidini au kikabila. Hong Kong haifungwi na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na anayefaulu hapewi ukaazi. Anachopata ni kutorudishwa kwenye hatari. Wanaofaulu ni wachache mno.

Muda nao ni mkali. Rufaa kwa bodi hukatwa ndani ya siku 14, na ombi la ruhusa ya mapitio hupelekwa mahakamani upesi, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Tangu Desemba 2022, Mahakama Kuu ikikataa ruhusa, serikali yaweza kumwondoa mtu hata kama ameomba rufaa ya juu zaidi. Huko ni kuharakisha mno: kosa la hukumu husahihishwa kwa karatasi, lakini aliyekwisha rudishwa kwa watesi wake hasahihishwi.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake wa mahakama kupima uamuzi wa serikali. Julai 2013 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha agizo la serikali la kuwahamishia wakimbizi wa mijini kambini Dadaab na Kakuma, na kanuni ya kutomrudisha mtu kwenye hatari ilikuwa miongoni mwa hoja zilizopimwa.

Kwa hiyo, aliyekataliwa aitunze barua ya uamuzi pamoja na bahasha yake, aandike tarehe aliyoipokea, na amwone wakili au shirika la msaada wa kisheria wiki hiyo hiyo. Aeleze pia kama mkalimani hakumwelewa, kama alikatizwa, au kama hati zake hazikusomwa.