Ajali za watoto zaweza kuzuiwa mtaa ukishirikiana

Mtoto anapounguzwa na uji au kugongwa na bodaboda, wengi wetu husema ni bahati mbaya. Wengine humlaumu mama na kuuliza alikuwa wapi.

Majibu hayo mawili hayamsaidii mtoto wa jirani, ambaye kesho atapita pale pale. Ajali nyingi za watoto zina chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho chaweza kuondolewa. Tatizo ni kwamba mara nyingi mzazi hawezi kukiondoa peke yake.

Hatari hubadilika kulingana na umri

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hushika kila akionacho, kwa hivyo hatari yake iko nyumbani. Katika vyumba vya kupanga mitaani kama Kaptembwo, Rhonda na Bondeni mjini Nakuru, jiko huwekwa sakafuni na hutengwa na kitanda kwa pazia tu. Mafuta ya taa nayo hutiwa katika chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

Kule Molo na Elburgon baridi huwa kali, hasa kati ya Juni na Agosti, na watoto hukaa karibu sana na moto.

Mashambani, kama vile Bahati, Subukia na Njoro, kuna dawa za kunyunyizia mimea na za mifugo. Pia kuna vidimbwi vya maji visivyo na ua. Mtoto mdogo aweza kufa maji hata katika ndoo, na huzama kimya bila kupiga kelele.

Akianza shule, hatari huhamia barabarani. Wanaoishi kando ya barabara kuu, kuanzia Gilgil hadi Salgaa, wanajua jinsi malori na matatu zinavyopita kwa kasi. Mtoto wa miaka saba bado hawezi kukadiria vyema mwendo wa gari linalomjia.

Kwa nini mzazi peke yake hatoshi

Mnamo Mei 9, 2018, bwawa lililokuwa katika shamba la kibinafsi huko Solai lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto. Hakuna mama ambaye angeyazuia maji yale kwa kufunga mlango wake. Usalama wa watoto wa Solai ulikuwa mikononi mwa mwenye bwawa, wakaguzi na viongozi.

Hata hatari ndogo ziko hivyo. Shimo lililo wazi uani ni jukumu la mwenye ploti, na kasi ya bodaboda ni jukumu la anayeiendesha.

Nchini Bangladesh, watoto wengi walikuwa wakifa maji karibu na nyumbani, saa za asubuhi wazazi wakiwa kazini. Vijiji vilianzisha mahali pa kulelea watoto saa hizo, chini ya mama wa kijiji aliyepewa mafunzo. Vifo vya maji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 miongoni mwa watoto waliolelewa hapo.

Jambo hili lawezekana hata kwetu. Wazazi wanaofanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha hutoka alfajiri. Chama cha akina mama chaweza kuchanga pesa na kumlipa mwenzao mmoja anayeaminika, badala ya kumwachia mtoto wa miaka minane kazi ya kulea mdogo wake.

Mfanye nini?

1. Itisheni mkutano. Waalikeni wazazi, mwenye ploti au msimamizi wake, mzee wa mtaa, mwalimu, mwenye duka na mwenyekiti wa bodaboda. Msimsahau mhudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 kote nchini, na kazi yao ni kuzuru nyumba hadi nyumba.

2. Tembeeni pamoja na kuandika kila hatari mnayoiona: shimo, nyaya za umeme zinazoning'inia, kidimbwi, mahali watoto wanapovukia barabara.

3. Kila hatari iandikiwe jina la mtu na tarehe. Mwenye ploti afunike shimo. Mwenye kidimbwi ajenge ua na lango. Mwenye duka akatae kupima mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mwalimu apange watoto wavuke kwa makundi wakiwa na mtu mzima. Bodaboda wapunguze mwendo karibu na shule. Shirika la Afya Duniani linapendekeza usizidi kilomita 30 kwa saa mahali penye watoto wengi.

4. Rudini baada ya mwezi mmoja mkague. Ahadi isiyofuatiliwa husahaulika.

Nyumbani, inua jiko lisifikiwe na mtoto, geuza mkono wa sufuria uelekee ukutani, na ufungie dawa zote mahali pa juu.

Ajali ikitokea

Mtoto akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Usipake dawa ya meno, unga, mayai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitali.

Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa, kwa sababu akitapika mafuta yaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali ukiwa na chupa aliyonywea.

Jeraha la moto laweza kupona, lakini mkono uliopinda kwa kovu humfuata mtoto hadi utu uzima. Gharama ya kufunika shimo au kununua mtungi wenye kifuniko ni ndogo mno ikilinganishwa na hiyo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Msomaji, usingoje ajali itokee mtaani mwako. Zungumza na jirani yako leo, mkubaliane siku ya mkutano.