Afe Punda, Mzigo Ufike?

Methali hii waijua wote. Wengi huitumia kwa mzaha, wengine kwa kutia bidii katika kazi, wala hatuna nia ya kuifuta katika lugha yetu. Lakini wako watu walioifanya kuwa sheria, nao wana punda kweli. Leo twapenda kujifunza pamoja na jamaa za Kikristo jambo moja: mtu akimtwisha mnyama kupita nguvu zake, akamwacha na vidonda, akamnyima maji, je, ametenda dhambi, au ametumia mali yake apendavyo? Tena, je, ni haki kutoa fedha ya sadaka kumtibu punda, hali mtoto wa jirani hana daftari?

Tuanze Kitaya, mkoani Mtwara, katika bonde la mto Ruvuma. Msomaji wa Dodoma au wa Arusha, aliyezoea kuona punda wakibeba madumu ya maji, akifika huku ataona mizigo ikienda kwa kichwa, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Tangu kale nchi hizi zilikuwa makao ya mbung'o, yule inzi aletaye ugonjwa wa nagana, na mnyama wa mizigo hakudumu. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani akiwa na ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Alitaka kujaribu kama wanyama hao wataweza kustahimili mbung'o. Akaenda kusini mpaka Ruvuma, akaufuata mto kuelekea magharibi. Haikupita miezi mingi, karibu wanyama wote wakawa wamekufa.

Je, inzi ndiye aliyewaua? Livingstone mwenyewe alishindwa kukata neno. Askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama waliwatwika mno, wakawapiga, wakawaacha na majeraha. Siku moja alimkuta mmoja wao akimpiga ngamia kwa gongo nene. Mnyama wa namna hiyo akianguka, nani ajuaye kama ameuawa na inzi au na gongo? Udhuru huu twausikia hata leo: mnyama akifa, mwenyewe husema ni ugonjwa, na mara nyingi hakuna wa kumbishia. Na ile mizigo ya mwaka 1866, ilifika? Ilihamia vichwani mwa watu. Twaomba msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tutazame watu waliojaribu kutenda vingine. Mwaka 1930 mwanamke Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo, Misri, pamoja na mumewe aliyekuwa mkuu wa jeshi. Akawatafuta farasi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao jeshi la Uingereza lilikuwa limewauza huko vita vilipokwisha. Akawaona wakivuta mikokoteni, wamekonda, wengine vipofu, wengine vilema. Aliandika barua katika gazeti moja la London mwaka 1931, na fedha zikamiminika. Kwa muda wa miaka mitatu hivi alinunua farasi wapatao 5,000. Wengi wao walikuwa wamechakaa kabisa, hata hapakuwa na fadhili nyingine ya kuwatendea ila chakula na pumziko la siku chache, kisha kufishwa pasipo maumivu. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama mjini humo. Jambo linalotupendeza zaidi ni hili: hakuwanyang'anya wenye farasi. Alijua kwamba ni maskini, naye aliwalipa.

Karibu na kwetu uko mji wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na punda ndiye gari la mjini. Mwaka 1987 chama cha Kiingereza kiitwacho The Donkey Sanctuary, kilichoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, kilifungua huko zahanati ya punda. Matibabu ni bure. Shida kubwa iliyoonekana ilikuwa minyoo, na vidonda vya kamba na matandiko mabaya; mambo yasiyohitaji elimu kubwa kuyaponya. Wenye punda hawakutukanwa kuwa makatili, bali hutolewa hata zawadi kwa yule ambaye punda wake ametunzwa vizuri. Wengi wa hao ni Waislamu, nasi Wakristo hatuna haya kujifunza kwao.

Maandiko Matakatifu hayanyamazi juu ya neno hili. Kitabu cha Kutoka chamwamuru mtu akimwona punda wa adui yake amelala chini ya mzigo, amsaidie. Hata uadui usimpunguzie mnyama haki yake. Pumziko la Sabato walipewa ng'ombe na punda pamoja na watumwa. Balaamu alipompiga punda wake mara tatu, ni punda aliyekuwa amemwona malaika, wala si nabii. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yafundisha kwamba kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Hapohapo yaonya kwamba si vema kutumia kwa wanyama fedha ambayo kwanza ingepasa kuondoa taabu ya watu.

Basi mtoto na daftari lake? Atangulie. Hatuna shaka. Lakini mambo mengi anayoyahitaji punda hayagusi mfuko wa sadaka: kivuli, maji, gunia moja kupunguzwa, kitambaa laini chini ya kamba. Na pale panapotakiwa dawa, tukumbuke mizigo ya Ruvuma. Punda akianguka, dumu la maji humrudia mama kichwani, au binti aliyepaswa kuwa shuleni. Ndivyo ilivyokuwa pia biashara ya ngozi za punda kwa ajili ya dawa ya Kichina ilipochochea wizi wa punda vijijini. Nchi yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusimamisha barani kote kwa miaka 15. Aliyeibiwa punda usiku hakuhitaji kuelezwa kwamba jambo hili ni la haki.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini twashuku kwamba wazazi wengi hawajaisikia. Na waswagao punda mara nyingi ni watoto. Mtoto hupiga kama alivyoona baba akipiga. Twatoa shauri moja kwa parokia za nchi zenye punda wengi. Tarehe 17 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abate, Roma hubariki wanyama. Mapadre wenzetu na waalike jamaa walete punda wao siku hiyo, na afisa mifugo wa kata awepo. Ila padre asinyunyize maji ya baraka mpaka matandiko yamevuliwa, na mgongo wa kila mnyama umeonekana.